Kwa Mwanangu Anayekwenda Kuita Elk

Mwanangu,

Utacheka ukiona nimeanza hivyo. Mimi nimemaliza shule juzi tu, na wewe ndevu zako zina mvi. Lakini ni wewe uliyenipa jina la mama yako, na tangu nikiwa mchanga hujawahi kuniita kwa jina lingine ila Maitu, yaani mama yangu. Ukirudi kutoka kazini ulikuwa unasimama mlangoni na kuuliza, "Maitu yuko? Mwambieni mtoto wake amefika." Nami nilikuwa natoka mbio kukupokea mfuko ulionizidi uzito, nikiamini kabisa kwamba nilikuzaa. Nyumba nyingi hapa Molo zina msichana mwenye jina la nyanya yake. Sijaona baba mwingine aliyeushika mzaha huo kwa uzito kama wewe.

Sasa mzaha umenifikisha mahali pagumu. Kesho asubuhi, kabla gari la kukupeleka uwanja wa ndege halijaja, watu wa maombi watajaa hapa uani. Pasta ataomba, akina mama wataimba, halafu mama wa msafiri atamwekea mkono kichwani na kusema neno. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Shosho, mama yako, alishafariki, kwa hivyo kila mtu alijua baba mkubwa ndiye atakayesema. Lakini Jumapili pasta alipouliza, ulininyooshea kidole mimi, nikiwa nimebeba sinia ya vikombe.

"Mama yangu si ndiye huyu hapa?" ulisema.

Watu wakacheka. Baba mkubwa akauliza, "Na atakutemea mate kifuani kama wazee wa zamani wakibariki?" Pasta akasema neno linatosha, mate yaachwe. Wakacheka tena. Wewe hukucheka. Nilirudi jikoni na sinia yangu, nikakaa huko mpaka mgeni wa mwisho akaondoka.

Unajua nilivyo. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nalijibu nikiangalia dawati. Kesho nitaweza kusema maneno machache tu mbele ya watu. Mengine nayaandika sasa, jua likiwa bado juu ya msitu, viazi vya kuponda mukimo vikichemka pembeni yangu na wewe uko nje na Mama mnahangaika na sanduku lisilofunga. Sitakuambia habari za sweta, dawa na kupiga simu. Hayo Mama ameshayasema, na atayasema tena ukiwa ndani ya gari. Mimi nataka ujue kwa nini nimeshindwa kuamua kama neno langu la kesho litakuwa baraka ya kweli.

Mama anapomwandikia mwanawe, nadhani humweleza yeye mwenyewe alikosea wapi. Mimi sijaishi vya kutosha kuwa na makosa ya kukufaa, kwa hivyo nitachukua la shosho, kwa sababu jina ni moja. Ni wewe uliyenisimulia. Ulipokuwa kijana ukapata kazi kule Elmenteita, katika lile shamba la zamani la mzungu lililogeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama, shosho hakutaka uende. Alitaka ubaki ulime. Siku ya kuondoka akajifungia chumbani, akasema kichwa kinamuuma. Ulisimama chini ya dirisha lake ukaliaga pazia. Miaka mingi baadaye alikuambia alijuta siku ile ile, kabla hujafika barabarani, lakini aibu ikamzuia kukufuata.

Hilo nimelirithi pamoja na jina, na sitaki kulirudia. Kesho nitatoka nje. Ila kutoka nje na kusema "nenda salama" huku moyoni nasema kitu kingine, naona ni kama kujifungia tu, tofauti ni kwamba mlango uko wazi.

Acha nikurudishe kule chini ya shamba.

Nilikuwa bado mdogo, shule ya msingi. Ulikuja likizo, na asubuhi moja ya ukungu ukanishika mkono mpaka mahali viazi vyetu vinapoishia na msitu unaanza. Ukaniambia nilale kifudifudi kwenye majani yenye umande. Ukachuma jani, ukalibana katikati ya vidole gumba, ukapuliza. Ilitoka sauti nyembamba, yenye kukatika katika. Hata mimi nilijua ni mtoto, ingawa sikujua ni mtoto wa nini.

Kwanza hakukuwa na kitu, ila maji yakidondoka kutoka kwenye matawi. Halafu mahali palipokuwa na vivuli na majani makavu pakawa na pongo jike, yule swala wa msituni. Sikumwona akija. Alikuwa mwekundu, na madoa meupe ubavuni kama aliyerushiwa unga. Yule mnyama ambaye tukichuma minji, yaani njegere, akisikia mtu amekohoa anapotea, akapiga hatua kuja kwetu. Akapiga nyingine. Alikuja karibu mpaka nikaona pua yake imelowa, nikaona mshipa ukiruka shingoni. Alikuwa anaogopa mwili mzima, na bado anakuja.

Baadaye nilienda ziara ya shule kule Ziwa Nakuru nikaonyeshwa simba. Alikuwa amelala. Wenzangu walipiga kelele ndani ya basi, na mimi nikawaza, hawa hawajaona kitu. Walikuwa hawajamwona yule pongo.

Nilipogeuka kukutazama, ulikuwa umelitoa jani mdomoni na umevua kofia. Pongo alisimama akitafuta kwa macho, kichaka hiki, kichaka kile, mtoto ambaye hakuwepo. Alisubiri muda mrefu. Alipoondoka hakukimbia. Alitembea akigeuka geuka kuangalia nyuma.

Njiani nilikuuliza, "Alikuwa anatafuta nani?"

"Twende haraka," ulisema, "chai inapoa."

Sikuuliza tena kwa miaka mingi.

Mwaka jana ndipo alipokuja hifadhini yule mgeni kutoka Marekani mwenye kampuni ya kupeleka watu milimani kuwinda. Ulimpenda kwa sababu alikula githeri, mahindi na maharagwe, pamoja na wafanyakazi na hakuuliza kuna nini ndani. Ulimsomea nyayo. Ulimpeleka kumsikiliza yule pofu dume mzee, swala mkubwa kama ng'ombe, ambaye magoti yake hulia akitembea, tak, tak, tak, unamsikia kwenye ukungu kabla hujamwona. Uliponisimulia hayo uliyashusha macho kama mtu anayeongea habari za kanisani, na mimi nikakuomba urudie ile tak, tak mara nyingi mpaka Mama akasema inatosha. Jioni ukamwigia mgeni sauti ya kuro, ya fisi, ya pongo dume akikoroma. Kabla hajaondoka alikuwa ameshakupa kazi: msimu mmoja wa elk, kulungu wakubwa wa huko, kuanzia majani ya kule yanapobadilika rangi mpaka theluji ianguke. Wewe utamwita mnyama, mteja atapiga.

Wakati huo huo hifadhi ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Mengine sina haja ya kuyaeleza, wote tunayajua.

Elk mimi nilimwona kwenye simu yako, hapo kwenye benchi nje ya jikoni. Alitoka kati ya miti asubuhi ya baridi, mrefu kama ng'ombe wa jirani yetu Mama Kiprono, shingo nyeusi yenye manyoya mazito, na pembe zenye matawi zilizorudi nyuma mpaka mgongoni. Nilifikiri atanguruma. Akanyoosha shingo, akafungua mdomo, mvuke ukatoka, na pamoja nao sauti ambayo haikufanana na mwili wake hata kidogo. Ilianza chini kama mlango mzito unaofunguliwa, ikapanda, ikapanda, ikawa filimbi, ikakaa huko juu mpaka nikasahau kupumua, halafu ikaanguka kwa mikoromo mifupi. Nilikuambia urudishe nyuma. Ukarudisha. Tulimtazama mpaka betri ikaisha. Nakumbuka niliwaza kwamba Mungu alimwumba huyu siku ambayo hakuwa na haraka.

Ukaniambia pembe hizo zinaanguka zenyewe kila mwaka na kuota upya. Sikuamini. Mnyama anabeba mti kichwani, halafu msimu ukiisha anauacha chini na kwenda zake, kisha anaanza kuutengeneza mwingine. Nikakuuliza, "Basi kwa nini huyo mteja asingoje aziokote?"

"Nilimuuliza bosi," ulisema. "Alicheka. Akasema pembe ya kuokota haina hadithi."

"Lakini ina hadithi. Elk alipita hapo."

Ulinitazama sana. "Hiyo ni hadithi ya elk, Maitu. Mteja anataka yake."

Halafu kikaja kwa posta kile kifurushi cha bomba la plastiki lenye mikunjo, na kile kipande cha mpira unachokiweka juu ya ulimi kuigia sauti ya elk. Juma la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mbwa wote wa upande huu walilia. Mama Kiprono alikuja mpaka kwenye ua.

"Baba Nyambura, ni nini inakufa huko kwenu?"

"Hakuna kitu inakufa, mama. Ni dume anatafuta bibi."

"Basi mwambie apate haraka. Ng'ombe yangu imekataa kutoa maziwa."

Vijana wa boda boda nao wakaanza kukusalimia, "Niaje, mzee wa elk, tupigie moja basi." Siku moja ukawapigia, pale stage ya magari, watu wakishusha magunia ya viazi kutoka kwenye mkokoteni. Wewe hukujiona, mimi nilikuona, kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya kibanda cha mboga kwa haya. Siku hiyo ulikuwa umeipata. Sauti ilipanda juu ya mabati na ikakaa. Vijana walikuwa wameshaanza kucheka, wakaacha. Mwanamume aliyekuwa na gunia mgongoni alisimama nalo hivyo hivyo. Ulipomaliza, mmoja wao akasema polepole, "Boss, hiyo kitu ni kubwa aje?" Ukamwonyesha kwa mkono juu ya kichwa chako. Hakuna aliyekutania tena siku hiyo. Nami nyuma ya kibanda nilijua ya kwamba elk yeyote mwenye masikio atakuja kwako. Nilijivuna, na papo hapo nikaogopa.

Jumamosi baba mkubwa alisema mezani yale niliyokuwa nayawaza, ila yeye huyasema kwa mdomo uliojaa.

"Ndugu yangu, nieleze tena polepole. Hapa ukipiga pongo kwa sababu amemaliza minji yako, unalala ndani kwa polisi. Kule unampelekea tajiri mnyama ambaye hajamkosea chochote, na unapewa mkono."

"Kule kuna ruhusa," ulisema. "Wanahesabu wanyama, wanasema mwaka huu wapigwe wangapi. Hiyo pesa ya ruhusa ndiyo inalinda milima isiuzwe. Na nyama haiachwi, inaliwa."

"Na kichwa?"

"Kichwa anaenda nacho nyumbani."

"Anakiweka wapi?"

"Ukutani."

Baba mkubwa akaangalia ukuta wetu, kalenda na picha ya harusi yenu. "Mimi nikifa, kichwa yangu muweke stage ya Molo, nikiona gari zikijaa."

"Hiyo yako itafukuza abiria," Mama akasema.

Ulicheka nao, kisha ukasema atakayepigwa ni dume mzee, aliyekwisha kuzaa, meno yamelika, ambaye baridi ingemwua kwa njaa akiwa amesimama.

"Hata mimi meno yamelika," baba mkubwa akasema, akaongeza ugali.

Nilikuwa naosha sufuria na nikaona nyote wawili mna haki. Mimi mwenyewe sina mahali pa kusimama na kumnyooshea mtu kidole. Shuleni niliandika insha ya kuwalaani wawindaji, ikasomwa mbele ya darasa zima, nikatamani ardhi inimeze kwa haya na kwa furaha. Juma lile lile ulimtoa pongo mdogo kwenye waya uliotegwa kwenye ua wa minji. Ua wetu. Alikuwa amehangaika humo usiku kucha mpaka mguu ukabaki mfupa, na ulimmaliza kwa kisu haraka, ukimshika uso ili asikuone. Hakuna aliyeuliza nani alitega waya huo, kwa sababu sote tulikula zile minji. Elk anayepigwa na mtu anayejua kupiga hufa vizuri kuliko yule. Hilo nalikubali, na silikubali kwa shingo upande.

Kwa hivyo usifikiri ninachokwama nacho ni kifo cha mnyama. Nilidhani ni hicho, mpaka juzi tulipokuwa tunachimba viazi vya mwisho kule chini.

Jioni ilikuwa imetulia na ukungu unashuka. Nikakuambia, "Baba, niitie pongo. Kama ile siku."

"Ile ya mtoto siitoi tena."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku." Ulikuwa unafuta udongo kwenye kiazi kimoja kana kwamba kitaenda kwenye maonyesho. "Alikuja kufa, Maitu. Uliona? Alijua hapa kuna kitu kitakachomla, na akaja. Hakuna kiumbe anapaswa kuitwa hivyo."

Nikasema, "Na elk utamwita vipi?"

"Kama dume mwenzake. Nitamtukana. Nitamwambia huu mlima ni wangu, na wake zako nawachukua. Akija anakuja kwa vita. Ana hasira, ana pembe, ana pua. Upepo ukigeuka ananinusa anaenda zake na sisi tunabaki na bomba. Hiyo ni haki kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo. Sijasema nyingi."

Tukacheka. Halafu nikauliza lile ambalo natamani nisingeuliza, kama bosi anajua kwamba huiti kwa sauti ya mtoto. Ukasema ulimwambia kwenye simu, naye akajibu sawa, tutaona tukiwa mlimani. Ukanieleza zipo sauti nyingine, ya jike anayetaka dume, na ya ndama aliyepotea ambayo huwaleta majike, na dume huwafuata. Mteja akifika siku yake ya mwisho bila kitu, hizo ndizo hutolewa. Karibu kila mwongozaji huzitoa, na sheria ya kule haikatazi.

"Na akikuambia utoe ile ya ndama?"

Uliangalia kule juu kwenye nyumba. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Ukasema, "Chuo kinafungua Septemba, Maitu," ukachukua jembe.

Tangu jioni hiyo sijapata neno la kukuambia. Kumbe miaka yote hii, bila mtu kukulazimisha, bila sheria, bila hata kumwambia Mama, kulikuwa na sauti moja uliyoiweka kando na kukataa kuigusa. Wewe unayeweza kuita kitu chochote kinachotembea. Nimeona pongo akija na nimesikia filimbi ya elk, na nakuambia kweli, hilo ndilo lililonishangaza kuliko vyote. Nilikuwa napanda mlima na gunia langu nikikutazama mgongo, nikawaza, huyu ni nani? Nimeishi na mtu huyu, nikamfulia soksi, na sikujua.

Na sababu ya kuivunja ahadi hiyo itakuwa mimi. Karo ya kozi yangu ya afya ya mifugo, vitabu vyangu, godoro la bweni. Nitakaa darasani nikifundishwa jinsi ya kumsaidia ng'ombe kuzaa, na mahali fulani mlimani baba yangu ameinama kwenye theluji analia kama ndama.

Sasa hivi, nikiwa katika mstari huo huo wa juu, umeingia hapa. Nimeifunika karatasi kwa sahani, hukuiona.

"Maitu, kesho utasema nini?"

"Bado nafikiria."

"Sema fupi. Nikilia mbele ya ndugu yangu atanicheka mpaka Krismasi."

"Kwani utalia?"

"Hiyo ni wewe utaamua." Umechukua kiazi kutoka kwenye sufuria, umekirusha mkono huu na huu, umetoka ukipuliza vidole. Mtu mzima, mwenye pasipoti.

Nimebaki nikiangalia mlango, na neno limekuja.

Kesho itabidi uiname, maana sikufikii. Nitakuwekea mkono kichwani na nitasema, "Nenda, na urudi." Hilo ni la watu wote, pasta atasema amina, akina mama watapiga vigelegele na mimi nitakimbilia jikoni. Linalofuata ni lako peke yako, na ndilo baraka yenyewe.

Nenda ukawaone. Nenda ukasikie sauti ile kwa masikio yako, si kwenye simu, na mvuke ukitoka kweli. Waite madume kwa vita, uwatukane vizuri, na upepo uwe wa haki kwenu wote. Kuhusu yule dume mzee atakayekuja akasimama mbele ya bunduki, sina la kukuambia, mwanangu. Sijui. Utakuwa hapo na mimi sitakuwepo, na wewe umewaangalia wanyama machoni zaidi yangu. Nakuachia.

Lakini siku bosi atakaposema toa ile nyingine, usinifikirie mimi. Leo asubuhi, ulipokuwa Nakuru kuchukua tiketi, nilipita kwa Mama Kiprono. Nilisimama kwenye lango lake muda mrefu kabla ya kubisha, unanijua. Nimemwuliza kama atahitaji mtu wa kukamua na kupeleka maziwa, na amesema hata kesho. Chuo kinaweza kungoja mwaka, au miwili. Ng'ombe wa kujifunzia wako ng'ambo ya ua. Mama nitamwambia mwenyewe ukishaondoka.

Kwa hivyo huna deni kwangu la sauti yoyote. Bosi akikushikilia, mwambie mama yako amekataa. Hata wazungu wana mama, ataelewa. Na asipoelewa akakufukuza, panda ndege uje. Usikae Nakuru kwa marafiki ukitafuta namna ya kutueleza. Usingoje giza liingie ndipo upite stage. Njoo mchana, pita katikati ya barabara na sanduku lako, ingia. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuuliza kitu kabla hujala.

Mama yako,
Nyambura